Adesi kavu gramu 24, zilizopikwa 9, za kopo 5: protini imekwenda wapi?

BintiWaTanga aliuliza:

Assalamu alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba msaada wa mtu anayefahamu hesabu za lishe, kwa sababu nimekwama mahali ambapo nilidhani hapana ugumu wowote.

Baba yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi nami hapa Leicester tangu mwaka jana. Alipotoka hospitali alikuwa amekonda sana, na mtaalamu wa lishe akatuagiza tuhakikishe anapata gramu 65 za protini kila siku. Baba si mlaji wa nyama. Meno yamempungukia, na samaki wa huku anasema hawana ladha ya bahari. Chakula anachokula bila kubembelezwa ni adesi nyekundu zilizoungwa kwa tui la nazi, bakuli moja la gramu 300 kila jioni, pamoja na kipande cha mkate. Pakiti ya adesi ninayonunua kwenye duka la Wahindi imeandikwa kwamba kila gramu 100 zina gramu 24 za protini. Kwa hiyo kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikiandika katika daftari lake: adesi gramu 300, protini gramu 72. Nilijiambia kwamba bakuli moja linatosheleza siku nzima na ziada inabaki, ndiyo maana sikumsumbua tena kwa mayai wala maziwa.

Wiki iliyopita adesi zilinishia nyumbani, nikanunua za kopo. Lebo ya kopo inasema kila gramu 100 zina protini gramu 5 tu. Nilishtuka, nikadhani nimeuziwa kitu duni, nikaingia kwenye jedwali la vyakula la Wizara ya Kilimo ya Marekani ili nipate uhakika. Huko nilikuta adesi kavu zina gramu 24.6 na adesi zilizochemshwa zina gramu 9.0. Sasa nina namba tatu kwa kitu kimoja, na hakuna hata moja inayofanana na nyingine.

Naomba mnieleze: je, protini huungua ikipikwa, au humwagika pamoja na maji? Za kopo zimeharibiwa kiwandani? Na lililo kubwa zaidi, baba yangu amekuwa akipata gramu ngapi hasa? Nauliza kwa wasiwasi kwa sababu uzito wake haujapanda hata kidogo, na mimi daftari langu linaonyesha kila kitu ni shwari.

MpimaMizani alijibu:

Wa alaykum salaam, dada. Pole kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye uzito: gramu 72 hazikuwahi kuingia katika bakuli lile. Pakiti inazungumzia adesi kama zilivyo ndani ya pakiti, yaani kavu, ilhali wewe ulipima adesi ambazo zimekwisha kunywa maji, kisha ukazihesabia protini ya zile kavu. Kosa ni la kawaida mno, na hata programu za simu za kuhesabu chakula hulifanya kila siku kwa sababu mtu akiandika "adesi" humletea mstari wa kwanza unaojitokeza bila kumuuliza ni kavu au zimepikwa.

Hakuna protini iliyoungua. Kilichobadilika ni maji. Katika jedwali lile lile ulilolifungua, angalia safu ya maji, ambayo watu wengi huiruka: gramu 100 za adesi kavu zina gramu 8 hivi za maji, na gramu 100 za adesi zilizochemshwa zina karibu gramu 70. Ukitoa maji pande zote mbili, upande wa kavu unabaki na takriban gramu 92 za adesi yenyewe, na upande wa zilizopikwa unabaki na gramu 30. Sasa gawanya protini kwa kile kilichobaki. Gramu 24.6 katika 92 ni asilimia 27 hivi, na gramu 9 katika 30 ni asilimia 30. Unaona kwamba sehemu ya protini ndani ya adesi haikupungua. Imeonekana hata kupanda kidogo, kwa sababu baadhi ya wanga na sukari nyepesi huyeyukia majini, na pia kwa sababu sampuli zilizopimwa maabara hazikuwa lazima zitoke gunia moja.

Njia nyingine ya kujihakikishia ni kutumia kalori, kwa kuwa maji hayana kalori. Adesi kavu zina kalori 352 kwa gramu 100, zilizochemshwa zina 116. Kwa kila kalori 100, kavu zinakupa protini gramu 7 na zilizopikwa zinakupa gramu 7.8. Ni chakula kile kile.

Mfano ulio karibu nasi ni dagaa. Ukinunua kilo moja ya dagaa wabichi ukawaanika juani, jioni utapima sehemu ndogo tu ya uzito ule, na ukilinganisha gramu 100 kwa gramu 100 wakavu watawashinda wabichi kwa protini mara kadhaa. Hakuna anayesema jua limeongeza protini. Adesi zinafanya safari hiyo hiyo kinyumenyume: zilianikwa shambani, na wewe ukazirudishia maji jikoni.

Kwa makadirio ya jumla, gramu 100 za adesi kavu hutoa kati ya gramu 250 na 270 za adesi zilizochemshwa na kuchujwa. Kwa hiyo bakuli la gramu 300 za adesi zilizochujwa lingekuwa na protini gramu 27. Nimesema lingekuwa, kwa sababu wewe hupiki za kuchuja, unapika mchuzi wa nazi, na hapo namba hiyo nayo inaanza kuteleza. Wapo humu wanaolijua hilo vizuri kuliko mimi.

Kamande_Nairobi alijibu:

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea naomba tukubaliane tunazungumzia mbegu gani, kwa maana hapa ndipo watu wa nchi zetu wanapopotezana hata kabla ya kufika kwenye hesabu. Kile ambacho dada wa Tanga anakiita adesi, sisi Kenya wengi tunakiita kamande. Ndengu ya Nairobi ni ile mbegu ndogo ya kijani ambayo Tanzania huitwa choroko. Na dengu ya Tanzania, ile inayosagwa unga wa bajia, ni mbegu nyingine tena, kubwa na yenye ncha. Nimewahi kumpa rafiki yangu wa Mwanza maelekezo ya kupika ndengu, akarudi kuniambia kwamba zimechemka saa nzima na bado zinagonga meno. Kumbe alikuwa amenunua dengu zao.

Kwa hesabu ya kavu hasara si kubwa, kwa kuwa jamii hii yote iko karibu karibu: adesi gramu 24 na ushee, choroko karibu 24, kunde 23 na nusu, mbaazi karibu 22, dengu za bajia 20 na nusu. Zikipikwa ndipo zinapoachana, kwa sababu kila moja hunywa maji kwa kiasi chake. Adesi hubaki na 9, dengu za bajia karibu 9 vilevile ingawa zilianza chini, choroko hushuka hadi 7 na mbaazi hadi 6.8. Mtu akisoma safu ya zilizopikwa peke yake anaweza kudhani kwamba choroko ni maskini wa protini kuliko dengu, kumbe zikiwa kavu choroko ndizo zilizo juu. Kwa hiyo ukifungua jedwali lolote la kigeni, hakikisha picha ya mbegu kwanza, kisha ndipo usome namba.

MzeeWaGenge alijibu:

Mimi natofautiana kidogo na vijana. Tangu zamani tumeambiwa kwamba chakula kikipikwa sana hufa. Mboga za majani zikichemka sana zinapoteza nguvu yake, maziwa yakichemka mara tatu yanakuwa maji. Itawezekanaje adesi zichemke hadi zipondeke, halafu mseme protini yote ipo? Nadhani sehemu ya upungufu huo ni moto, si maji peke yake.

MwalimuWaKemia alijibu:

Shikamoo, mzee wangu. Hoja yako ina ukweli, ila ukweli huo ni wa vitu vingine. Vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B huharibiwa na moto au huyeyukia majini, na kwa mboga za majani umesema sawasawa kabisa. Protini ina tabia tofauti. Moto huikunjua, hauiondoi. Yai likikaangwa, ute uliokuwa maji hugeuka kuwa mweupe na mgumu. Umbo la protini limebadilika mbele ya macho yako, lakini hakuna gramu iliyopaa hewani. Ili protini ipotee kweli kwa moto ni lazima chakula kiungue hadi kiwe cheusi, na kabla ya kufika huko adesi zitakuwa zimekwisha kushika chini ya sufuria na nyumba nzima imejua.

Kwa jamii ya kunde moto ni msaada mkubwa. Mbegu hizi zikiwa mbichi zina vizuizi vinavyozuia kimeng'enya cha tripsini tumboni kisifanye kazi yake ya kukata protini, na zina lektini ambazo katika maharage mekundu mabichi zinaweza kumuumiza mtu tumbo vibaya. Kuchemsha huvunja nguvu ya vitu hivyo. Kwa maana hiyo gramu 9 za adesi zilizoiva zinaufaa mwili zaidi kuliko gramu 9 za adesi ambazo hazijaiva vizuri, ingawa maabara itaandika namba ile ile kwa zote mbili.

Na kwa kuwa nimeitaja maabara, hebu niseme jinsi namba hiyo inavyopatikana, kwa sababu wengi hudhani kuna chombo kinachoona protini. Njia ya kale ambayo bado inatumika ilibuniwa mwaka 1883 na Johan Kjeldahl, mwanakemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, aliyetaka kujua kiasi cha protini katika nafaka ya kutengenezea bia. Chakula huchemshwa katika asidi kali ya salfa, naitrojeni iliyomo hupimwa, kisha hiyo naitrojeni huzidishwa kwa 6.25, kwa kudhani kwamba protini ina asilimia 16 ya naitrojeni. Kwa adesi dhana hiyo ni ya ukarimu kidogo. Wataalamu wengi huona kizidisho cha kati ya 5.4 na 5.7 ndicho kinachokaribia ukweli kwa mbegu za jamii hii. Hata hivyo, kizidisho ni kimoja kwa kavu, zilizopikwa na za kopo, kwa hiyo hakielezi tofauti aliyoiona dada yetu. Nimelitaja ili asipoteze usingizi kwa kubishana na nukta moja baada ya desimali.

FundiMakopo alijibu:

Nimefanya kazi miaka kadhaa katika usindikaji wa vyakula, kwa hiyo niruhusuni nilitetee kopo, ambalo naona limeshutumiwa bila kusikilizwa.

Adesi za kopo hazikupikwa sufuriani kisha zikamiminwa koponi. Huroweshwa au huchovywa katika maji ya moto kwa muda, hujazwa koponi zikiwa hazijaiva kabisa, huongezwa maji yenye chumvi, kopo hufungwa, na ndipo huingizwa katika mtungi mkubwa wa mvuke wenye mgandamizo, ambamo joto hufika takriban nyuzi 121 za Selsiasi. Kiwango hicho kinatakiwa ili kuua mbegu za bakteria wa botulini, ambao maji yanayochemka kwa nyuzi 100 hayawaui. Adesi huivia humo humo ndani, na zikiisha kuiva huendelea kukaa ndani ya maji hayo kwa miezi, zikinywa kila tone zinaloweza kulinywa. Ndiyo maana za kopo ni laini kuliko za nyumbani, na laini maana yake ni maji zaidi ndani ya kila gramu 100. Sehemu ndogo ya protini, ile inayoyeyuka, huhamia kwenye maji ya kopo. Ndiyo sababu maji yale huwa mazito na hutoa povu ukiyatikisa.

Lakini sidhani kwamba hiyo ndiyo sababu kubwa ya gramu 5 alizoziona dada. Naomba achukue kopo alisome tena taratibu. Kwenye makopo ya Uingereza na ya Ulaya kuna uzito wa aina mbili: uzito wa vyote vilivyomo, mara nyingi gramu 400, na uzito baada ya kuchuja, mara nyingi gramu 240 hivi. Kisha aangalie kama jedwali la lishe linasema kila gramu 100 za vyote vilivyomo, au kila gramu 100 zilizochujwa. Makampuni hayafanani katika hilo, na maneno yenyewe huandikwa kwa herufi ndogo kama masharti ya mkopo.

Tuseme kopo moja limeandikwa protini gramu 5 kwa kila gramu 100 pamoja na maji yake. Kopo zima la gramu 400 lina gramu 20. Kopo la jirani yake rafuni limeandikwa gramu 8 kwa kila gramu 100 zilizochujwa, na baada ya kuchuja lina gramu 240, kwa hiyo jumla ni gramu 19.2. Mnunuzi mwenye haraka atachukua la pili akiamini kwamba amepata karibu mara mbili, na kumbe makopo hayo mawili yamejazwa takriban kiasi kile kile cha adesi kavu, gramu 80 hivi kila moja. Huko Marekani mkanganyiko una sura yake nyingine: lebo hutoa namba kwa mlo mmoja, ambao kwa kopo huwa nusu kikombe, gramu 130 pamoja na maji, na kwa pakiti kavu huwa robo kikombe kabla ya kupika. Ukilinganisha milo hiyo miwili bila kujua, pakiti kavu itashinda kila siku.

Jambo moja kuhusu chumvi, kwa kuwa mgonjwa ni mtu mzima. Ukimwaga maji ya kopo na kuzisuuza adesi chini ya bomba, unapunguza sodiamu kwa takriban asilimia 40. Utapoteza pia ile protini kidogo iliyoyeyuka, lakini mimi ningeiacha iende zake. Vinginevyo tafuta makopo yaliyoandikwa kwamba hayakuongezwa chumvi, na hapo unaweza kupikia maji yake bila wasiwasi.

Mswahili_wa_Maskati alijibu:

Dada yangu, MpimaMizani amegusa jambo akaliacha njiani, nami nalimalizia kwa sababu nimeliona nyumbani kwangu. Hapa Oman tunakunywa shorba ya adesi katika Ramadhani nzima, na kila nyumba ina uzito wake. Ya mama mkwe wangu kijiko kinasimama. Ya jirani yetu unaweza kuinywa kwa kikombe kama chai. Zote mbili zinaitwa shorba ya adesi, zote zina rangi moja ya manjano, na mtu akiandika gramu 300 kwa kila moja atakuwa ameandika vyakula viwili tofauti kwa jina moja.

Ile gramu 9 ya jedwali ni ya adesi nzima zilizochemshwa zikachujwa. Adesi nyekundu zilizokobolewa hazichujiki. Zinapondeka, zinageuka mchuzi, na maji yote uliyotia yanabaki humo ndani, ukiacha yale yaliyopanda na mvuke. Ukiongeza tui na nyanya unazidi kuizimua. Kwa hiyo bakuli la baba huenda lina gramu 4 kwa kila gramu 100, huenda lina 6, na hakuna jedwali la Marekani wala la nchi yoyote litakalokwambia, kwa sababu hawajawahi kuingia jikoni mwako.

Dawa yake ni hii, nayo haihitaji elimu yoyote. Pima adesi zikiwa kavu kabla hujaziosha. Zidisha kwa namba ya pakiti. Hiyo ndiyo protini yote iliyomo sufuriani, na haitaongezeka wala kupungua hata ukitia ndoo ya maji. Zikiiva, pima sufuria yote na chakula chake, toa uzito wa sufuria tupu, kisha gawanya. Ukipakua gramu 300 unajua umepakua fungu gani la sufuria.

MwalimuWaKemia alijibu:

Namuunga mkono ndugu wa Maskati, na ninaongeza mambo mawili. La kwanza ni kuhusu ule mkate. Protini ya adesi ina lisini nyingi lakini ina upungufu wa methionini na sisteini (hizi ni asidi amino, vijenzi vya protini), na nafaka, iwe ngano, mchele au mahindi, ina upungufu wa lisini na ina methionini ya kutosha. Wali kwa adesi, ugali kwa maharage, mahamri kwa mbaazi: mabibi zetu waliunganisha vyakula hivi bila kuwahi kusikia neno asidi amino. Si lazima viliwe katika bakuli moja, bora viliwe siku moja. Kwa hiyo kile kipande cha mkate kina kazi, na protini yake nayo iandikwe, maana ngano si maji.

La pili ni kwamba hata baada ya kusahihisha hesabu, gramu moja ya protini ya adesi haimeng'enywi kwa ukamilifu kama gramu moja ya yai au ya maziwa, na lebo hazionyeshi tofauti hiyo. Kwa kijana mwenye kula vingi jambo hili halina uzito. Kwa mzee wa miaka 74 anayekula kidogo, yai moja na kikombe cha mtindi ni nyongeza ya maana. Ningekuwa wewe ningempelekea mtaalamu wa lishe daftari lenye namba mpya mapema, kabla ya kuongeza jambo lolote kubwa, kwa sababu ile mipango yako ya awali uliijenga juu ya gramu 72 ambazo hazikuwapo.

Halafu, kama una mazoea ya kutia magadi ili ziive haraka, adesi nyekundu hazihitaji. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Magadi hayaondoi protini, lakini huharibu vitamini B1.

BintiWaTanga alijibu:

Ahsanteni sana nyote. Nimesoma mara mbili, na jana nimefanya kama nilivyoelekezwa.

Nilipima adesi kavu gramu 250. Kwa namba ya pakiti, yaani 24 kwa 100, sufuria nzima ilipaswa kuwa na protini gramu 60. Nilipika kama ninavyopika siku zote, nikatia tui, vitunguu na nyanya moja. Zilipoiva nilipima chakula bila sufuria nikapata gramu 1,180. Nikagawanya: gramu 5.1 kwa kila gramu 100. Bakuli la baba la gramu 300 lina protini takriban gramu 15. Protini ya tui sikuihesabu, nadhani ni kidogo.

Kwa maneno mengine, nilikuwa ninaandika 72 mahali palipostahili 15, kwa siku sitini hivi, na mchuzi wangu niliouona mzito kuliko wote mtaani unalingana na lile kopo nililolidharau. Nimelisoma tena kopo kama alivyoshauri FundiMakopo: limeandikwa gramu 5 kwa kila gramu 100 za vyote vilivyomo, na uzito wake ni gramu 400. Ni gramu 20 kamili, kama alivyosema.

Nimempigia simu mtaalamu wa lishe. Hakunilaumu, alisema si mimi wa kwanza. Tumekubaliana baba apate mayai mawili asubuhi, maziwa au mtindi mara mbili kwa siku, na adesi zibaki pale pale jioni, ila nipunguze maji ili bakuli lile lile libebe zaidi. Nilimuuliza baba kama ataweza kula mayai, akaniuliza mimi kwa nini siku hizi ninapima sufuria kama muuza nyama.

MpimaMizani alijibu:

Mwambie baba shikamoo. Ushauri wangu wa mwisho ni mdogo: uzito wa sufuria tupu uandike mahali ambapo hautafutika, kwa sababu siku utakapoisahau utapima sufuria ikiwa imejaa na hutakuwa na cha kutoa.

BintiWaTanga alijibu:

Nimekwisha kuuandika ukutani karibu na jiko, kwa penseli: gramu 840, bila kifuniko.